Kompyuta Iliyomwondoa Mama Phiona

Alhamisi, 6 Machi 2025

Salamu kwako, Okware. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na hayo macho? Nakusalimu kwanza kwa sababu shuleni tulifundishwa hivyo: mtu asianze maneno kabla ya kujulia hali. Na daftari hili halina msomaji mwingine. Ni mimi naandika, ni mimi nitakayesoma.

Jana Kwaresima ilianza. Mchungaji alisema kila mtu ajichagulie zoezi. Wengine wameacha soda, wengine nyama. Mimi nimesema nitaandika, nione moyo wangu unakaa wapi.

Leo unakaa vizuri. Nimekata kaptula za sare za shule moja ya Sikuda, cherehani haikunisumbua. Mke wangu Provia, Mama Phiona, amepika muhogo na majani ya kunde. Jioni tumeongea na binti yetu Phiona kwenye kompyuta — ile aliyotuletea Krismasi kutoka Kampala ili tumwone mjukuu. Mtoto ameota meno mawili. Tulipomaliza, Provia akaifunika mashine kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe chenye maua kwenye kona. Kila kitu cha thamani humu ndani kina kitambaa chake. Redio, birika la wageni, Biblia kubwa. Mimi tu ndiye sina.

Jambo moja dogo. Brauza ilipofunguka haukuja ule ukurasa mweupe tuliouzoea. Ulikuja mwingine, wa rangi ya machungwa, una jina nisilolijua. Nikadhani wamepaka rangi upya, kama maduka yanavyofanya.

Ijumaa, 7 Machi

Pembeni ya skrini, chini kulia, kimetokea kijisanduku. Kinasema nimeshinda. Nimeshinda nini? Sikucheza mchezo wowote. Nimekifunga. Kimerudi. Nimekifunga tena, nikaenda kushona.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Hii sitaisahau.

Baada ya sherehe za mjini kina mama wa kanisa walikuja hapa nyumbani kujifunza nyimbo za sikukuu yao ya tarehe ishirini na tano. Provia alikuwa ameziweka kwenye kompyuta. Walijaa sebuleni, wengine mkekani. Mama Nasirumbi, mwenyekiti wao, mjane anayeheshimiwa hata na askari wa huu mpaka wa Uganda na Kenya unaoigawa Busia, alikaa kiti cha mbele. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai.

Wimbo wa pili, ubeti wa pili. Skrini yote ikafunikwa na msichana. Nguo aliyovaa ningeweza kuishona kwa kitambaa kinachobaki nikikata kaptula moja. Na maneno makubwa juu yake, Kiswahili cha mtu aliyejifunza lugha kwa kuchungulia dirishani: WANAWAKE WA BUSIA ANAKUTAFUTA WEWE. HAWANA MUME. YUKO KARIBU.

Mama Nasirumbi aliyasoma kwa sauti. Nadhani alifikiri ni ubeti unaofuata.

Mmoja wa nyuma akauliza polepole, kwa nia njema kabisa, "Busia gani? Ya kwetu au ya ng'ambo?"

Hakuna aliyecheka. Wote walinitazama. Provia akainuka, akachukua kitambaa, akaifunika mashine. Wimbo ukaendelea kuimbwa chini ya kitambaa.

Walipoondoka, aliosha vikombe vyote kwanza. Ndipo akaniuliza.

"Baba Phiona, mashine imejuaje kwamba wewe ni mtu wa kutafutwa?"

Nikasema sijui.

"Si wewe unayesema kila siku kwamba cherehani haishoni mahali ambapo mtu hajaweka nguo?"

Ni kweli nasema. Nawaambia hivyo wateja wanaokuja kulalamika.

"Basi hii nguo iliwekwa na nani?"

Nami kila wiki navuka ng'ambo kununua uzi na vifungo. Hilo hakulisema. Alilitazama tu, kama limekaa pale mezani katikati yetu.

Jumapili, 9 Machi

Provia amekwenda kwao, Merikit. Hakubamiza mlango. Baada ya ibada alisema, "Nakwenda kumwona mama, magoti yanamsumbua." Magoti ya mama mkwe yanamsumbua tangu tulipooana. Akienda kulala siku mbili hubeba mfuko mdogo. Leo amebeba mkubwa.

Nimekula ndizi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana, nikapata akili. Kompyuta yetu inatumia intaneti ya laini ya Kenya, kwa sababu hapa mpakani ndiyo inayoshika vizuri. Basi hao wanawake ni wa ng'ambo, wanapita kwenye laini. Nimeitoa. Nimeweka ya Uganda. Nimeomba kidogo, nimewasha.

WANAWAKE WA TORORO ANAKUTAFUTA WEWE.

Tororo! Na Merikit iko Tororo. Nimewasogeza mpaka kwa wakwe.

Jumanne, 11 Machi

Edeku, mdogo wake Provia, amekuja na pikipiki yake kutoka Merikit. Sikupata muda wa kuifunika mashine. Alisimama akasoma, helmeti bado kichwani.

"Shemeji," akasema, "wa Busia hawakutosha? Sasa umefika mpaka kwa dada zetu?"

Nikamwambia sijui wanatokea wapi. Akacheka mpaka akakaa chini. Edeku ni mtu mwema. Lakini ujumbe aliobeba haukuwa wa kucheka. Mzee Oriokot, baba mkwe, anasema binti yake amefika na mfuko mkubwa na haongei. Jumapili hii wana matanga. Niende Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, niende na msemaji kama desturi ilivyo, na huyo msemaji alitaje kosa kwa jina lake. Kwa mzee Oriokot kosa lisilo na jina halisameheki. Likitajwa, anachinja mbuzi, watu wanakula, limekwisha.

Nitalitaja vipi? Mbele ya wakwe mtu hatamki hata neno suruali. Mama mkwe sijawahi kumtazama usoni tangu nilipomwoa binti yake. Nikifika, anaingia jikoni. Akipita, nageukia ukutani. Leo nimtume mtu aseme mbele yao kwamba wanawake nusu uchi wametokea sebuleni kwangu, kina mama wa kanisa wakiwepo?

Nimemuuliza Edeku kama nikisema tu kwamba ni ugonjwa wa mashine itatosha.

"Mzee ana redio," akasema. "Redio yake haijaugua ugonjwa huo hata siku moja."

"Na dada yako anasemaje?"

"Anachambua maharage. Akimaliza, anayachambua tena."

Ee Bwana, najua sikufanya kitu. Nionyeshe ni wapi pa kuanzia.

Jumatano, 12 Machi

Nimelifunga kasha la kompyuta ndani ya kitenge, nikalibeba kifuani kama mtoto mgonjwa. Zipo njia za kuzunguka forodha, sikuzitaka, si wakati huu wa mfungo. Mpakani wameniuliza ni nini, nikasema ni mashine, naipeleka kwa fundi. Wameandika, nimepita.

Fundi ni Hajara. Ana kibanda ng'ambo, nyuma ya maegesho ya malori, anatengeneza kompyuta na simu. Ni mwanamke wa rika la mdogo wangu wa mwisho, hodari, mwenye maneno. Midomo ilikuwa imemkauka, kwao ni Ramadhani. Mimi Kwaresima, yeye Ramadhani. Tukakaa wafungaji wawili mbele ya skrini yake, akawasha.

Wale wanawake wakajitokeza wote.

"Astaghfirullah. Mzee, mimi nimefunga."

Akachukua kipande cha kadibodi, akaziba nusu ya skrini, akafanya kazi kwenye nusu iliyobaki. Baada ya muda akauliza bila kugeuka, "Mzee, hawa wote umewavusha bila kuwaandikisha pale forodhani?"

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nikamweleza kila kitu, mpaka mfuko mkubwa.

"Sasa nisikie," akasema. "Hii haikuja kwa sababu umetafuta mtu. Ni programu ya matangazo. Inajificha nyuma ya kitu kingine, kitu kizuri, ukikiingiza na yenyewe inaingia. Ikishafika inaiteka brauza. Inabadilisha ukurasa wa kwanza, kila ukifungua inakupeleka dukani kwake. Jina la mji inalisoma kwenye laini. Ukiipeleka Mombasa, watakuwa wa Mombasa."

"Hata nyumbani kwa askofu?"

"Hata kwa askofu. Hata kwa imamu. Haimjui mtu, mzee. Inarusha nyavu tu."

Nimemwomba arudie maneno hayo mara ya pili. Si kwamba sikuyaelewa. Yalikuwa matamu.

Alikata intaneti kwanza, ili wasiendelee kuingia tukiwa tunawatoa. Akafungua orodha ya programu zilizomo. Moja inaitwa Kicheza Nyimbo. "Hii unaijua?" Siijui. "Imeingia tarehe ishirini na saba Februari."

Siku hiyo nilikuwa Tororo mjini, nimekwenda kununua kitambaa cha sare. Nyumbani alibaki mtu mmoja.

Akaing'oa. Akaingia ndani ya brauza, akatoa kitu kingine kidogo kilichojishikiza humo kama kupe. Akafuta ruhusa ya vile vijisanduku vya pembeni. Akaurudisha ukurasa wetu wa zamani. Mweupe kama shuka la wageni.

Nimevuka mpaka nikiimba kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 13 Machi

Wamerudi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelibeba tena kasha. Yule wa mpakani akasema, "Mzee, mtoto bado anaumwa?" Nikasema bado.

Hajara hakunikasirikia. Alikuwa kama mtu aliyetukanwa na mwizi. Akaishika ile alama tunayobonyeza kufungua brauza, akafungua maelezo yake, akanionyesha mstari mrefu wa maandishi. Mwanzoni ni njia ya brauza yenyewe, ya halali. Mwishoni, baada ya nafasi ndogo, wameshikiza anwani ya ule ukurasa wa machungwa.

"Ameacha mkia," akasema. "Tumemtoa yeye, tumesahau mkia. Ukifungua brauza unaufungua na huo, nao unamwita mwenyewe arudi."

Hapo nilielewa kuliko juzi. Nguo ikirudi kwangu imefumuka palepale nilipoishona, sishoni tena juu juu. Naigeuza ndani, natafuta fundo.

Akaukata mkia. Kisha akaweka programu ya kusafisha ipekue faili moja moja. Tukangoja. Adhuhuri akaenda kuswali, mimi nikabaki kwenye benchi lake nikisoma Zaburi. Aliporudi ilikuwa imemaliza. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha, mpaka mimi nikachoka.

"Hakuna kitu humu. Nenda nyumbani, mzee. Na ukisimama kwenye madhabahu yenu uniombee maji ya jioni yawe baridi."

Nimefika, nimeweka laini ya Kenya: kweupe. Nimeweka ya Uganda: kweupe. Nimekaa mbele ya ukurasa ule mtupu kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba lake. Bwana asifiwe. Mabega yameshuka, sikujua kama yalikuwa juu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimpigia Provia simu asubuhi. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

"Mama Phiona, mashine imepona."

"Wameondoka?"

"Wote."

"Wamekwenda wapi?"

"Wamefutwa."

"Umefuta," akasema.

"Si mimi. Hajara amefuta."

"Hajara ni nani?"

Nikasikia nilichokisema. Mwanamke. Wa ng'ambo. Ananisaidia kufuta.

"Ni fundi," nikasema.

"Sawa." Akakata.

Sasa naona nilipojifunga mwenyewe. Mashine chafu ilinishtaki. Mashine safi haiwezi kunitetea. Mtu mwenye hatia naye angefanya vilevile, angesafisha kabla ya kwenda kwa wakwe. Ningejua, ningewaacha wawili watatu humo wawe mashahidi. Mungu anisamehe kwa wazo hilo.

Na lile la tarehe ishirini na saba? Ningeweza kulitaja. "Mama Phiona, siku hiyo ni nani alikuwa nyumbani?" Nimelifikiria tangu chai mpaka jioni. Nikilisema kwenye simu, nimeshinda, naye atakuwa ameshindwa mbele ya wazazi wake, na mfuko mkubwa juu. Sitaki ushindi wa namna hiyo ndani ya nyumba.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Nimesoma somo la kwanza, sauti haikutetemeka. Kina mama hawakunitazama machoni. Wakati wa mahubiri simu ya Mama Nasirumbi ililia kidogo mkobani. Akaitoa haraka, akaikalia.

Jumatatu, 17 Machi

Kaptula.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa bado nacheka.

Jioni, giza likianza kuingia, nilisikia hodi mlango wa nyuma. Ilikuwa hodi ndogo, ya mtu anayetumaini hakuna mtu ndani. Nikafungua. Mama Nasirumbi, kichwa amekifunika leso kama aliyenyeshewa, na mvua hakuna.

"Baba Phiona, nimesikia mashine yako imepona. Huyo mtu aliyeisafisha anakaa wapi?"

"Ng'ambo, mama. Kwani una kompyuta?"

"Sina. Nauliza tu."

"Kuna jirani anayetaka?"

"Nauliza tu, Baba Phiona."

Nikampa kiti, nikampa maji. Akayanywa yote. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake leso, ndani ya leso simu. Akanipa huku akitazama picha ya harusi yetu ukutani.

WANAWAKE WA BUSIA ANAKUTAFUTA WEWE.

"Mimi," akasema. "Mjane, wajukuu wameshaoa. Wananitafutia nini mimi?"

Nilijaribu kujizuia. Nilitazama dari. Lakini yeye ndiye aliyeanza, bega likatikisika, na tukacheka wote wawili mpaka akashika meza. Halafu ghafla akawa analia.

Ilimwanzia mwisho wa Februari. Hakumwambia mtu. Anailaza simu chini ya godoro, kanisani anaikalia. Na ile Jumamosi, alipoyasoma yale maneno kwa sauti hapa sebuleni, hakudhani ni ubeti wowote. Aliyajua kwa moyo. "Nilidhani wamenifuata mpaka kwako," akasema. "Nilipoona wote wanakutazama wewe, nikashukuru Mungu hawanitazami mimi. Nikanyamaza. Ningefungua mdomo wangu siku ile, Mama Phiona asingefunga mfuko."

Nikamwambia tumesamehewa sote, tunywe chai. Lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimefunguka kama kifungo cha kola. Yupo shahidi. Yupo shahidi, na ni yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Tumevuka pamoja. Hajara alimpokea kwa adabu, akamwita mama, akamwekea mto kwenye benchi. Simu ilikuwa kazi nyepesi kuliko kompyuta. Akapekua, akakuta mahali walipopitia: ukurasa wa kupakua nyimbo za kanisa bure. Juu yake kinatokea kitufe, Ruhusu. Ukibonyeza, umewafungulia mlango. Na kwa kompyuta wanakupa na ile Kicheza Nyimbo kabisa, uiweke mwenyewe kwa mikono yako.

"Huu ukurasa uliupata wapi, mama?"

"Nilitumiwa. Zilikuwa nyimbo nzuri. Za sikukuu yetu."

"Na wewe ukamtumia nani?"

Mama Nasirumbi akatazama sakafu. "Kina mama wote."

Hajara akafumba macho kidogo. "Mama, umelifungua kanisa zima."

Basi wote. Wale wote waliokaa sebuleni kwangu na kunitazama. Kila mmoja ameikalia simu yake. Nikakumbuka nilivyowaona kanisani wameinamisha vichwa, nikadhani ni kwa ajili yangu.

Hajara aliposikia kwamba Jumapili nakwenda ukweni aliuliza msemaji wangu ni nani. Nikasema sijapata. Mzee mmoja wa kanisa amekubali, lakini nikimweleza brauza ananiuliza inaliwa na nini.

"Msemaji wako ni mimi," akasema Mama Nasirumbi.

"Mama, kwa kawaida msemaji huwa mwanamume."

"Mwanamume atasema nini pale uani? Atataja wanawake mbele ya wazee, mzee Oriokot atasimama aondoke. Mimi sitakaa uani. Nitaingia jikoni na simu yangu."

"Imesafishwa, mama," Hajara akamkumbusha. "Haina kitu tena."

Mama Nasirumbi akavaa miwani. "Kwani Kate wa kwaya ameshasafisha ya kwake?"

Jumamosi, 22 Machi

Nimekiosha kitambaa cha Provia. Kwa mkono, sabuni ya mche, nimekianika kivulini kama anavyofanya. Sikukipiga pasi, maua yale naogopa kuyaunguza. Kate ameazimisha simu yake kwa Mama Nasirumbi. Amesema irudishwe ikiwa safi.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa Merikit, kwenye benchi nje ya nyumba ya mzee. Daftari nimekuja nalo kwa sababu zoezi ni zoezi. Pia mikono inahitaji kazi.

Tumefika baada ya ibada, Mama Nasirumbi nyuma ya Edeku, mimi kwa pikipiki niliyoikodi, naiendesha mwenyewe. Mzee Oriokot alinisalimu, akauliza habari za mvua za Busia, akauliza habari za uzi. Akauliza, "Msemaji wako yuko wapi?" Nikasema ameingia jikoni. Mzee akalitazama jiko muda mrefu. Akasema, "Hm." Akasimama, akachukua fimbo, akaenda na Edeku upande wa mbuzi. Sijui kama anakwenda kuchagua mmoja au kuwatazama tu.

Mlango wa jiko umefungwa nusu. Mwanzo nilisikia sauti moja tu, ya Mama Nasirumbi, ya chini, kama ya mtu anayesoma matangazo. Kisha ikakatika. Nadhani hapo ndipo simu ya Kate ilipotolewa.

Halafu mtu akacheka. Kicheko kirefu, kikavu, kinaanzia kifuani na kukatika kwa kikohozi, kinaanza tena. Sikukijua. Nikajiuliza ni nani. Ni mama mkwe. Miaka yote hii sijawahi kukisikia, maana nikifika huwa ananyamaza. Nikainamisha uso, ni adabu, lakini nimecheka na mimi huku nimetazama viatu vyangu.

Provia ametoka na maji ya kunawa. Amepungua kidogo. Alipiga magoti kama desturi, akanimiminia mikononi, hakunitazama. Maji yalipokuwa yanakwisha akauliza, chini kabisa, watu wa jikoni wasisikie:

"Kile cha Ruhusu. Kilikuwa cha bluu?"

Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka. Hajara alinionyesha, kilikuwa cha bluu. Bwana, ni Kwaresima na nimesema uongo ukweni, nitakuja kuungama hilo moja peke yake.

Alikaa na jagi tupu mkononi. Midomo ilikuwa inataka kufanya kitu, akaizuia. Akainuka akarudi ndani. Mimi siwezi kuingia jikoni kwa mama mkwe, wala siwezi kumwita binti wa watu kwa sauti uani kwao. Nikatoa simu. Nimemwandikia kutoka hapa kwenye benchi, nimetuma. Nimesikia simu yake ikilia kule ndani. Naunakili ujumbe hapa nikingoja. Mzee anaonekana kule chini, anarudi, anavuta kamba, na kilicho mwisho wa kamba kimefichwa na mihogo.

*Mama Phiona, hujambo? Mama anaendeleaje na magoti, na wazee wote hapo hawajambo? Mimi sijambo, ila nimekula ndizi sana. Kitambaa chako kipo juu ya mashine, nimekiosha, bado hakijapigwa pasi. Phiona ameuliza kwa nini huonekani, mtoto ana jino la tatu. Mama Nasirumbi atarudi na Edeku. Pikipiki yangu ina nafasi nyuma, hata ya mfuko mkubwa. Naomba unijibu mapema, mzee anakaribia.*